Usisimuaji wa Ubongo na Kujifunza kwa Mkono: Maana Yake kwa Mgonjwa wa Kiharusi katika Mazingira ya Hasamba, Mbozi

Utangulizi

Kuchuma kahawa ni kazi ya vidole viwili. Katika kata ya Hasamba, wilayani Mbozi, kama ilivyo katika sehemu nyingine za mkoa wa Songwe zinazolima mibuni, mchumaji hushika tunda jekundu kwa kidole gumba na kidole cha shahada, hulizungusha kidogo na kulitoa, huku akiliacha tunda la kijani lililo jirani liendelee kuiva. Mtoto anayeingia shambani kwa mara ya kwanza hufanya hivyo kwa kusitasita na kwa kukodoa macho. Baada ya misimu michache mkono wake huchagua na kuchuma wakati mdomo ukiendelea na mazungumzo. Katika muda huo hakikuota kiungo kipya mwilini mwake. Kilichobadilika zaidi ni ubongo.

Thamani ya badiliko hilo hudhihirika linapopotea. Mtu aliyepatwa na kiharusi anaweza kuamka na mkono ambao misuli yake haina jeraha lolote, lakini haushiki tunda, haufungi kifungo cha shati wala haumegi ugali. Kwa kaya inayotegemea kahawa, hasara hiyo huhesabiwa kwa chakula na ada za shule. Familia huuza mazao au mifugo ili kumfikisha mgonjwa hospitalini, na mara nyingi husikia kwamba nje ya nchi kuna mashine zinazoamsha ubongo kwa sumaku au umeme. Makala haya yanaeleza mashine hizo hufanya nini, utafiti umeonyesha nini kuhusu jinsi mkono unavyojifunza, na ni sehemu gani ya maarifa hayo inayoweza kumfaa mgonjwa asiyeweza kuifikia mashine yenyewe.

Jambo moja lisemwe mapema ili msomaji asibabaike: katika miaka arobaini ya utafiti huu, mashine imefanikiwa zaidi kama chombo cha kupima kuliko kama dawa. Nacho kipimo hicho kimerudia kuonyesha kwamba mazoezi ndiyo yanayoujenga ubongo upya.

Umeme unaopita fuvu bila kulipasua

Msingi wa fizikia ya jambo hili ni wa mwaka 1831, Michael Faraday alipoonyesha kwamba sumaku inayobadilika huzaa mkondo wa umeme katika kitu kinachopitisha umeme. Ubongo ni kitu cha namna hiyo. Mwaka 1980 Merton na Morton, watafiti wa Uingereza, walipitisha umeme juu ya fuvu la mtu aliye macho, na misuli ya upande wa pili wa mwili ikashtuka. Njia yao ilifanya kazi lakini iliumiza. Miaka mitano baadaye Anthony Barker na wenzake katika mji wa Sheffield waliweka koili ya waya juu ya kichwa na kupitisha ndani yake mkondo mkubwa wa muda mfupi sana. Pigo la sumaku lenye nguvu ya tesla moja hadi mbili, lisilofikia hata elfu moja ya sekunde, lilipita mfupa bila maumivu makubwa na kuziamsha seli za neva zilizo chini yake.

Koili ikiwekwa juu ya gamba-mwendo, yaani ukanda wa tabaka la nje la ubongo unaotuma amri kwa misuli, amri hiyo hushuka kupitia uti wa mgongo na kufika mkononi baada ya takriban milisekunde 20. Elektrodi zilizobandikwa juu ya msuli husoma ukubwa wa mshtuko. Mshtuko mkubwa humaanisha kwamba njia kutoka ubongoni hadi kwenye msuli iko tayari kupitisha amri. Mshtuko mdogo humaanisha kwamba njia ni nzito, na kutokuwapo kwa mshtuko huashiria kwamba pengine njia imekatika. Koili ikisogezwa hatua kwa hatua juu ya kichwa, mtafiti anaweza kuchora ramani ya eneo linalotawala kidole kimoja, kama mpima ardhi anavyochora mipaka ya shamba.

Njia ya pili ni ya unyenyekevu zaidi. Elektrodi mbili zilizoloweshwa kwa maji ya chumvi hupitisha mkondo mwembamba wa miliampea moja au mbili kwa dakika kadhaa. Mkondo huo hauamuru msuli wowote kutikisika; huzisogeza tu seli karibu na kiwango chao cha kufyatuka au huziweka mbali nacho. Michael Nitsche na Walter Paulus, wakiwa Göttingen nchini Ujerumani, walionyesha mwaka 2000 kwamba athari yake kwenye gamba-mwendo huweza kudumu kwa dakika kadhaa hata baada ya umeme kuzimwa. Kwa kuwa kifaa hicho ni rahisi kukitengeneza, wako wanaojiundia nyumbani kwa betri. Jambo hilo si la kuigwa: elektrodi ikiwekwa vibaya huunguza ngozi, na usisimuaji wa sumaku kwa upande wake unaweza kuamsha degedege kwa mtu mwenye hatari ya kifafa.

Kinachotokea mkono unapojifunza

Dhana inayobeba utafiti wote huu ni unyumbufu wa neva, yaani uwezo wa seli za ubongo kubadili nguvu ya miunganiko baina yao kulingana na matumizi. Donald Hebb aliieleza kinadharia mwaka 1949: seli zinazofanya kazi pamoja huimarisha uhusiano wao. Mwaka 1973 Tim Bliss na Terje Lømo walilithibitisha jambo la namna hiyo katika ubongo wa sungura, walipoona kwamba mfululizo wa mapigo ya umeme uliuacha muunganiko ukiwa na nguvu zaidi kwa saa nyingi. Ilibaki kuonekana kwa mwanadamu aliye hai anayejifunza kazi ya mikono.

Hapo ndipo koili ilipoleta faida yake kubwa. Mwaka 1995 Alvaro Pascual-Leone na wenzake waliwafundisha watu wasiojua kupiga piano zoezi la vidole vitano, saa mbili kila siku kwa siku tano, na kila siku wakapima ramani ya misuli ya vidole hivyo. Ramani ilipanuka kadiri vidole vilivyozidi kuwa mahiri. Waliobonyeza vibao ovyo kwa muda uleule hawakupata badiliko la kiwango hicho. Ajabu zaidi, kundi lililolifanya zoezi kwa mawazo tu, bila kutikisa kidole, nalo lilipata upanuzi wa ramani, ingawa kwa umahiri halikulifikia kundi lililopiga piano kwa vidole.

Joseph Classen na wenzake walifika mbali zaidi mwaka 1998. Walitafuta kwanza upande ambao kidole gumba huelekea kinaposhtuliwa na sumaku. Kisha wakamtaka mshiriki akisogeze kuelekea upande mwingine, tena na tena, kwa nusu saa. Walipomshtua tena, kidole kilielekea upande kilikofunzwa, kana kwamba ubongo ulikuwa umeweka kumbukumbu ya zoezi ndani ya amri zake. Kumbukumbu hiyo ilififia baada ya muda mfupi. Nusu saa moja haitoshi kumfanya mtu kuwa fundi, na kila aliyewahi kujifunza kusuka mkeka anajua hivyo bila kuhitaji koili.

Jaribio linalogusa moja kwa moja kazi ya mchumaji kahawa ni la Wolf Muellbacher na wenzake, lililochapishwa mwaka 2002. Washiriki walifanya zoezi la kubana kwa haraka kidole gumba na kidole cha shahada, na nguvu na kasi yao ikaongezeka. Mara baada ya zoezi, watafiti waliipiga sehemu ya gamba-mwendo kwa mapigo ya taratibu, pigo moja kila sekunde, mapigo ambayo huituliza. Mafanikio yaliyotokana na zoezi yalifutika, ingawa uwezo wa kawaida wa kubana vidole ulibaki palepale. Mapigo yaleyale yalipotolewa saa sita baada ya zoezi, hayakufuta kitu. Kwa hiyo mkono hauachi kujifunza zoezi linapokoma. Kuna kipindi cha saa kadhaa ambamo kilichojifunzwa bado ni kibichi, kinaimarika taratibu, na kinaweza kuharibiwa.

Matokeo yanayoenda sambamba na hayo yalipatikana mwaka 2009, Janine Reis na wenzake walipotumia mkondo mwembamba wakati washiriki wakijifunza, kwa siku tano, kudhibiti nguvu ya kubana vidole. Waliopata umeme waliendelea zaidi kuliko waliopewa umeme wa bandia, lakini tofauti kubwa haikujitokeza ndani ya zoezi lenyewe. Ilijitokeza kati ya siku moja na nyingine, wakati washiriki wakiwa nyumbani. Umeme haukumfundisha mtu lolote. Uliisaidia kazi ambayo mazoezi yalikuwa yameianzisha.

Matumaini na vipimo vyake

Kutoka maabara hadi wodini, hoja ilionekana kuwa rahisi. Baada ya kiharusi, nusu ya ubongo iliyojeruhiwa hudhoofika na, kwa nadharia iliyoaminika sana, nusu nzima huikandamiza kupita kiasi. Ikitulizwa nusu nzima kwa mapigo ya taratibu, iliyojeruhiwa ingepata nafasi ya kupumua. Majaribio madogo ya awali yalitia moyo. Jaribio kubwa lililofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2018 liliwaandikisha wagonjwa 199, wote wakapewa mazoezi ya mkono. Baadhi walitanguliziwa usisimuaji halisi, wengine wa bandia. Miezi sita baada ya tiba, asilimia 67 ya waliopata mapigo halisi na asilimia 65 ya waliopata ya bandia walikuwa wamepiga hatua iliyotarajiwa. Sumaku haikuongeza kitu kinachoonekana. Lakini mtu asizipite haraka takwimu hizo: takriban theluthi mbili ya wagonjwa, tena ambao wengi waliugua miezi kadhaa nyuma, walisonga mbele kwa mpango uliokuwa na mazoezi pande zote mbili.

Sababu mojawapo ya kushindwa huko ilikuwa imeshaonekana. Mwaka 2013 Masashi Hamada na wenzake, London, walizijaribu kwa watu 52 wenye afya mbinu za mapigo ya mfululizo zilizosifiwa kwa miaka mingi. Kwa wastani hazikuwa na athari yoyote. Baadhi ya watu waliitikia kama vitabu vilivyosema, wengine waliitikia kinyume chake. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitegemea ni kundi gani la seli ndani ya gamba-mwendo ambalo pigo la sumaku hulifikia kwanza kwa kila mtu. Mtafiti anayesoma makala za zamani zenye washiriki kumi au kumi na wawili anapaswa kulikumbuka jambo hilo kabla ya kunukuu mafanikio yake.

Mahali ambapo usisimuaji umepata ushahidi bora ni pale ulipofungwa pamoja na tendo. Mwaka 2021 lilichapishwa jaribio la wagonjwa 108 wa kiharusi cha muda mrefu waliopandikizwa kifaa kinachosisimua neva ya vagasi shingoni. Pigo lilitolewa kila mgonjwa alipokuwa akifanya zoezi la mkono. Waliopata maendeleo ya maana walikuwa asilimia 47, dhidi ya asilimia 24 ya waliofanya mazoezi yaleyale kifaa kikiwa hakitoi pigo la tiba. Haya ni matokeo ya kuheshimiwa. Hata hivyo yanahitaji upasuaji, kifaa cha gharama kubwa na mtaalamu wa fiziotherapia anayekaa na mgonjwa kwa wiki nyingi. Na katika mpango huo wote, kinachoweza kupatikana kwa urahisi zaidi Mbozi ni mtu wa kukaa na mgonjwa.

Konzo: njia inapokatika

Afrika ya Mashariki na Kati nayo imechangia katika utafiti huu, kupitia ugonjwa wa huzuni. Konzo hulemaza miguu yote miwili kwa ghafla, na hauponi. Huwapata watu wanaokula kwa wiki nyingi mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha, huku wakikosa vyakula vya protini. Jina lake limetoka kwa Wayaka wa Kongo, ambako daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938. Tanzania iliufahamu kwa ukali katika ukame wa mwaka 1985 wilayani Tarime, na William Howlett pamoja na wenzake waliuchapisha uchunguzi wao mwaka 1990.

Desire Tshala-Katumbay, daktari wa neva kutoka Kongo, na wenzake walichapisha mwaka 2002 matokeo ya kuwasisimua wagonjwa wa konzo kwa umeme na kwa sumaku. Kwa wengi wao pigo lililotolewa kichwani halikuleta mshtuko wowote katika misuli. Misuli na neva za miguuni zingeweza kuitikia, lakini njia iletayo amri kutoka juu ilikuwa imeharibika.

Konzo si kiharusi. Umetajwa hapa kwa sababu unaonyesha mpaka ambao mazoezi hayawezi kuuvuka peke yake: pasipo njia, hakuna amri ya kurudiwa. Vivyo hivyo katika kiharusi, mgonjwa ambaye msuli wa mkono wake bado hushtuka anaposisimuliwa ana matarajio mazuri kuliko yule ambaye msuli wake uko kimya. Nchini New Zealand, Cathy Stinear na wenzake wametunga utaratibu wa kutabiri hatima ya mkono unaotumia kipimo hicho. Jambo la kuzingatia ni kwamba utaratibu huo hauanzi na mashine. Huanza kwa kupima nguvu ya mgonjwa katika kuinua bega na kunyoosha vidole, na koili huitwa tu pale nguvu hiyo inapokuwa ndogo mno. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 ulikuwa umeonyesha uzito wa kipimo hicho cha mkono mtupu. Mgonjwa aliyeweza, ndani ya saa 72, kuliondoa bega mbavuni na kunyoosha vidole japo kidogo, alikuwa na uwezekano wa asilimia 98 wa kurudisha kiasi fulani cha ustadi wa mkono baada ya miezi sita. Asiyeweza lolote kati ya hayo alikuwa na asilimia 25. Muuguzi wa zahanati yoyote anaweza kulipima jambo hilo kwa dakika moja, na kulirudia siku zinazofuata.

Idadi ya marudio

Kiharusi si ugonjwa wa mjini tu. Utafiti mkubwa ulioongozwa na Richard Walker kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta, baada ya kusawazisha umri, wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika eneo la vijijini wilayani Hai, na 315.9 katika eneo la Dar es Salaam. Nyanda za Juu Kusini hazikuwamo katika utafiti huo, lakini hakuna sababu ya kudhani kwamba shinikizo la damu, chanzo kikuu cha kiharusi, limeziruka.

Mgonjwa akirudi nyumbani, jambo la kwanza linalotokea ni la upendo. Binti humlisha mama yake, mjukuu humvisha bibi nguo, na mkono mzima hufanya kazi zilizobaki. Mkono dhaifu hupumzishwa, na ubongo huuchukulia kuwa hauhitajiki. Randolph Nudo na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba nyani waliojeruhiwa sehemu ndogo ya gamba-mwendo na kuachwa bila mafunzo hupoteza pia sehemu ya eneo la mkono lililokuwa halikuguswa na jeraha, ilhali waliofunzwa kuokota chembe za chakula huihifadhi. Kwa binadamu, jaribio la Marekani la mwaka 2006 liliwaandikisha wagonjwa 222, likawafunika baadhi yao mkono mzima kwa glavu karibu muda wote waliokuwa macho, na kuufanyisha kazi mkono dhaifu hadi saa sita kwa siku kwa wiki mbili. Nafuu yao iliwazidi waliopata huduma ya kawaida, na ilikuwa bado ipo mwaka mmoja baadaye. Sharti lilikuwa kwamba vidole viwe vinanyooka walau kidogo tangu mwanzo.

Kiasi ndicho kiini cha jambo. Catherine Lang na wenzake walipohesabu, mwaka 2009, mara ambazo mgonjwa hutumia mkono kwa kazi yenye maana katika kipindi kimoja cha tiba, walipata wastani wa marudio 32. Wanyama wa maabara hurudia tendo mara mia kadhaa kwa siku. Kilo moja ya matunda ya kahawa ina matunda ya kuhesabiwa kwa mamia, na kila tunda ni mbano mmoja wa gumba na shahada. Mgonjwa aliyeketi kando ya kichanja, akitoa kwa mkono dhaifu punje mbovu kutoka katika kahawa inayokauka, anaweza kwa nusu saa kuzidi marudio ambayo hospitali nyingi humpatia kwa wiki. Kazi hiyo ina lengo, kosa lake huonekana papo hapo, na ugumu wake hupandishwa kwa kubadili ukubwa wa kinachoshikwa.

Pamoja na hayo, tahadhari mbili zina ushahidi. Ya kwanza inahusu haraka: jaribio la kimataifa lililowahusisha wagonjwa 2,104, lililochapishwa mwaka 2015, lilionyesha kwamba kuwanyanyua wagonjwa kitandani kwa wingi ndani ya saa 24 za kwanza kuliwapunguzia nafasi ya kupona vizuri. Ya pili inawahusu wanaodhani kwamba kuikabidhi familia mgonjwa pamoja na karatasi ya maelekezo kunatosha. Nchini India, wagonjwa 1,250 waligawanywa katika makundi mawili, na ndugu wa kundi moja wakafundishwa kufanya mazoezi nao nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita idadi ya waliofariki au kubaki tegemezi ilikuwa sawa, asilimia 47 kila upande. Mafunzo hayo yalikuwa ya jumla, na kipimo kilikuwa utegemezi wa mwili mzima, si ustadi wa vidole. Lakini kuyapuuza kwa sababu hayapendezi kungekuwa kosa. Yanaelekeza kwamba ndugu wa mgonjwa anahitaji kupewa tendo mahususi na idadi ya kufikisha, pamoja na mhudumu wa afya atakayerudi kuhesabu naye na kupima shinikizo la damu.

Msimu nao una neno lake. Mtu anayepatwa na kiharusi mwezi wa pili ataikuta mibuni haina tunda jekundu wala kichanja hakina kahawa, na miezi ya mwanzo, ambayo mkono huitikia zaidi, haitasubiri mavuno. Kwake ungo wa maharage, kisha wa mahindi, kisha wa ulezi, hufanya kazi ileile kwa chembe zinazozidi kuwa ndogo, zikihamishwa moja moja kutoka upande wa kulia hadi wa kushoto, kwa mkono usiotaka.